Siku Tatu Katika Ukungu wa Magamba: Marafiki wa Chuoni Walipokutana Tena

Mlima umekuwa na nafasi yake katika maisha ya Waislamu tangu mwanzo. Wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume Muhammad (SAW) akiwa pangoni Hira, nje kidogo ya Makka. Mlima wa Uhud, pamoja na majeraha yote yaliyopatikana chini yake, Mtume aliutaja kwa mapenzi. Na safari ya Hijra, ambayo kalenda yetu huhesabiwa kutokana nayo, ilianza kwa siku tatu za kujificha katika pango la mlima Thawr, Mtume akiwa na sahibu yake Abubakar Siddiq (RA).

Wanazuoni wa sira wametuhifadhia habari za siku hizo tatu kwa undani. Abdullah, mwana wa Abubakar, alikuwa akienda pangoni usiku na kuwapa habari za mji, kisha akirejea Makka kabla ya mapambazuko. Asmaa, bintiye, alishughulikia chakula cha safari. Amir bin Fuhayra aliwapitishia kondoo wapate maziwa. Kwa hiyo urafiki wa wale wawili haukuwa jambo la wanaume wawili tu. Nyumba nzima iliubeba.

Habari hiyo inatufaa leo, kwa kuwa urafiki wa watu wazima katika miji yetu umekuwa kitu cha misibani. Watu waliosoma chuo kimoja, wakala sahani moja na kuchapwa kwa fimbo moja, hukutana makaburini, kila mmoja ameshika udongo mkononi, wakaulizana hali haraka haraka na kuahidiana kutafutana. Ahadi hiyo hudumu mpaka maziko mengine.

Mwaka huu, mwishoni mwa kipupwe, watu watano tuliosoma chuo kimoja Ngamiani, Tanga, tulikubaliana kutosubiri maziko mengine. Tuliondoka Alhamisi asubuhi kwenda kupiga kambi katika msitu wa Magamba, Lushoto, tukarejea Jumapili. Makala haya yanaeleza tuliyoyaona, tuliyojifunza kuhusu ibada ya msafiri mlimani, na jambo moja zito ambalo wawili kati yetu walikuwa wamelibeba kwa miaka kumi. Wahusika wameridhia habari yao iandikwe ili familia nyingine zinufaike, kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Mlima unaokunywa bahari

Milima ya Usambara ni sehemu ya safu iitwayo Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Unapogonga milima hii hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, mpaka unyevu ule ukageuka ukungu na mvua. Sisi watu wa pwani tulistaajabu kulifikiri hilo. Ukungu uliotulowesha nguo kule juu ulikuwa umetoka upande wa bahari tuliyoogelea utotoni. Tena maji yenyewe huturudia: Mto Sigi, unaolipatia jiji la Tanga maji ya kunywa, hutoka Usambara Mashariki, milima pacha ya hii tuliyoipanda.

Kutoka Mombo, barabara huacha joto la tambarare na kupanda kwa kona nyingi kupitia Soni, palipo na maporomoko ya maji, hadi mji wa Lushoto, ulioko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa utawala wa Wajerumani mji huo uliitwa Wilhelmstal. Juu yake ndiko uliko msitu wa hifadhi asilia wa Magamba, ambao kilele chake kinazidi mita 2,200. Humo mna mikulo mikubwa yenye kuota ndevu za kuvu, mna mbega weusi wenye mabega meupe, na mna vinyonga wenye pembe ambao watoto wa huko huwajua kwa macho kabla mgeni hajaona hata tawi wanalolikalia. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mgeni hulipa ada na huingia na muongozaji.

Muongozaji wetu alikuwa kijana wa Kisambaa, mpole na mwenye maneno machache. Alituonesha uwanja wa kambi, chemchemi iliyoko chini yake kiasi cha hatua mia mbili, na mahali panaporuhusiwa kuwashwa moto. Kisha akatupa sharti moja: ukungu ukishuka, mtu asitembee peke yake hata akienda haja. Alisema wapo wenyeji, waliozaliwa hapo hapo, waliopotea umbali wa kusikia sauti za nyumbani kwao.

Amiri wa safari

Ni katika mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba watu watatu au zaidi wakisafiri wamchague mmoja wao awe amiri. Wengi tungetaraji achaguliwe Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi na msomi kuliko sisi sote katika dini. Yeye mwenyewe alikataa. Akampendekeza mwenzetu aliyeendesha malori kwa miaka thelathini, akasema kwamba amiri wa safari ni yule ajuaye safari, na elimu ya dini hushauriwa bila ya kushika usukani. Tukaafiki.

Amiri wetu alianza kazi kabla hatujashusha mizigo. Alichagua mahali pa kusimamisha mahema kando ya njia, si juu yake, na Mwalimu akatukumbusha kwamba hilo nalo ni katika adabu tulizofundishwa, kwa sababu njia usiku ni mapito ya wanyama. Akaagiza choo kiwe mbali na maji na mbali na kivuli wanachokaa watu. Akakataza jiko la mkaa kuingizwa ndani ya hema, japokuwa baridi ya Magamba mwezi wa nane hushuka chini ya nyuzi 10 usiku, na mifupa ya mtu wa Tanga haikuumbiwa hilo. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima huweza kulala wasiamke. Mtume (SAW) ametuusia tuzime moto kabla ya kulala. Wasia huo una zaidi ya miaka 1,400, nao ungali ukiokoa roho.

Kisha amiri akagawa mahema. Tulikuwa na mahema matatu. Mwalimu alipewa dogo, kwa kuwa hukoroma na alikiri mwenyewe. Mimi nililala na amiri. Hema la tatu alimpa Fundi na Alhaji.

Kimya kilianguka. Fundi ni seremala. Alhaji ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi, ila salamu ya lazima mbele za watu. Mwalimu alipowaalika hakumficha mmoja habari za mwenzake, na Alhaji alijibu kwamba atakuja, lakini asipangwe naye. Sasa akamtazama amiri kwa muda.

"Alhaji," amiri akasema kwa utulivu, "kura yako ulinipa mwenyewe."

Alhaji akachukua blanketi lake akaingia hemani.

Sala juu ya mlima

Kwa faida ya wasomaji watakaosafiri, ni vyema kueleza namna tulivyosimamisha ibada. Kutoka Tanga hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 150, umbali unaotosha kumpa msafiri ruhusa ya kupunguza sala. Adhuhuri, Alasiri na Isha tuliziswali rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, ruhusa hiyo humwondokea mtu anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka. Sisi tulikuwa chini ya kiwango hicho.

Kibla kutoka Lushoto ni karibu kaskazini moja kwa moja, kikielemea mashariki kidogo. Jua likionekana si kazi kukijua, lakini ndani ya ukungu hakuna mashariki wala magharibi, hivyo dira ni katika vitu vya lazima. Vivyo hivyo saa, kwani hapana kivuli cha kupimia Alasiri wala wekundu wa kuangalia Magharibi.

Baridi ya maji ilituletea swali la tayamamu. Mwalimu alilijibu kwa ufupi: mwenye kuni, sufuria na muda wa kuchemsha maji hana udhuru wa kuyakimbilia mavumbi. Tayamamu ni ya aliyekosa maji au anayechelea madhara ya kweli, na hana njia ya kuyapasha moto. Ama khofu za ngozi, aliyezivaa akiwa na udhu na zikawa zimefunika vifundo vya miguu, anaruhusiwa kupaka juu yake mchana mmoja na usiku wake akiwa mkazi, na siku tatu na usiku wake akiwa msafiri. Soksi za kawaida zina hitilafu ya wanazuoni, na mtu amuulize sheikh wake.

Ijumaa si wajibu kwa msafiri, lakini msikiti ulikuwa kijijini chini yetu, mwendo wa saa moja. Tuliteremka. Wenyeji walitupokea kama watu waliokuwa wakitusubiri, wakatupa viazi, karoti na mapeasi ya kupandia mlima. Anayedhani undugu wa Kiislamu ni maneno ya mimbarini, na ateremke Ijumaa katika kijiji asichojulikana.

Usiku wa tochi

Tuliporejea kambini ukungu ulikuwa umeshuka. Miti iliyokuwa umbali wa hatua kumi ilitoweka. Ulikuwa ukungu mzito, wa kimya, wenye kudondoka kutoka majanini kana kwamba mvua inanyesha ndani ya msitu tu. Kila aliyekwenda chemchemini alikwenda na mwenzake, wakiitana.

Usiku ule ndipo tulipolifahamu jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu. Amepatwa na maradhi ya tezi dume, yanayowapata wanaume wengi wakifikia umri wetu, na yanamwamsha mara nne au tano kila usiku. Sharti la muongozaji lilikuwa halina msamaha. Kwa hiyo kila Fundi alipoamka, ilimbidi amwamshe Alhaji.

Mara ya kwanza nilisikia zipu ya hema, kisha nyayo, kisha kimya kirefu. Halafu sauti ya Alhaji, kavu kidogo:

"Fundi, upo?"

"Nipo, Alhaji."

"Sema kitu, nisikie uliko."

"Niseme nini?"

"Chochote. Hesabu."

Fundi akahesabu, moja, mbili, tatu, gizani, mpaka akarejea. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu Alhaji hakuamshwa. Alikuwa amekwisha kukaa, tochi mkononi. Mara ya nne nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini ambayo nadhani hakutaka tuisikie:

"Umeanza lini kuumwa hivi?"

"Mwaka wa pili sasa. Nimeandikiwa upasuaji."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Hakujibiwa. Lakini hawakurudi kulala mara moja. Tuliwasikia wakizungumza kwa muda mrefu, maneno hayakufika, ila sauti tu.

Deni au mtaji?

Chanzo cha ugomvi wao ni kisa kinachotokea katika familia nyingi, na ndiyo sababu tunakieleza. Miaka kumi iliyopita Alhaji alimpa Fundi shilingi milioni 4. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Maneno yalikuwa haya tu, na wote wawili wanayakumbuka sawa: chukua hizi uzitie kazini, Mungu akijaalia tutaona. Fundi akanunua mbao. Lori lililozibeba likapinduka njiani, mzigo ukaharibika wote. Alhaji akasubiri mwaka mzima ndipo akadai. Fundi akasema hakuna deni, kwani mali ilikuwa mtaji na mtaji umepotea. Kuanzia hapo kila mmoja akamwona mwenzake ni dhalimu, na kila mmoja kwa nafsi yake alikuwa na hoja.

Jumamosi asubuhi, tukinywa kahawa kwa visheti tulivyofungiwa na wake zetu, Alhaji mwenyewe alilifungua jambo hilo. Akamtaka Mwalimu aseme nani mwenye haki.

Mwalimu alieleza kwamba sheria ina milango miwili hapa. Mali ikitolewa kwa njia ya kardhi, yaani mkopo, mkopaji huidhamini. Iharibike isiharibike, hulipa. Mali ikitolewa kwa njia ya mudharaba, mwenye mali hutoa mtaji na mwenzake hutoa kazi, faida wakagawana kwa mafungu waliyokubaliana. Ikitokea hasara bila ya uzembe wa mfanyakazi, hasara ya mali ni ya mwenye mali, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. "Maneno yenu," akasema, "yanaweza kupita mlango wowote kati ya hiyo miwili. Kwa sababu hiyo Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ametuamrisha tuandikiane tunapokopeshana, na Aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Mimi si kadhi. Mkienda kwa kadhi, mdai ataambiwa alete ushahidi, na akikosa, anayekana ataapishwa."

Alhaji akatikisa kichwa. "Nimemjua tangu tuna miaka saba. Sitaki kumwona akiapa."

Fundi alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo sidhani yeyote kati yetu atayasahau. Alisema kwamba kwa miaka kumi amekuwa akijiambia ni mtaji, na huenda ni kweli. Lakini alipozipokea zile fedha, siku ile, moyoni alizihesabu kuwa ni za kurudishwa. "Ninakwenda chini ya kisu," akasema. "Daktari amenipa matumaini, na ajali iko kwa Allah. Nakiri mbele yenu kuwa ni deni."

Sote tunajua uzito wa deni kwa maiti. Mtume (SAW) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa dinari chache, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (RA) alipojitwika deni lile.

Alhaji akataka kumsamehe yote pale pale. Fundi akakataa, akisema hakukiri ili asamehewe. Ndipo Mwalimu akatukumbusha kisa cha Kaab bin Malik (RA) aliyekuwa akimdai mwenzake msikitini Madina mpaka sauti zikapanda. Mtume (SAW) akainua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu, Kaab akatii, kisha Mtume akamwambia mdaiwa asimame akalipe. "Kila upande ulipewa la kufanya," Mwalimu akasema. "Mmoja asamehe, mwingine alipe."

Wakakubaliana hivyo. Alhaji amesamehe shilingi milioni 2. Fundi atalipa milioni 2 zilizobaki, shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi 20. Mwalimu aliandika kwenye karatasi ya daftari, mimi na amiri tukatia saini kuwa mashahidi. Aliongeza sharti kwamba Fundi amjulishe mwanawe mkubwa, ili Allah akimchukua kabla ya kumaliza, lililobaki litolewe katika mali yake kabla ya wasia na kabla ya mirathi kugawanywa.

Liko jambo moja ambalo halikuandikwa. Katika ile miaka kumi, mama yake Alhaji alifariki, na Fundi, ambaye bibi yule alimlisha utotoni kama mwanawe, hakwenda kumzika. Fundi aliomba radhi. Alhaji alitazama ukungu kwa muda mrefu, kisha akasema tu: "Tukishuka, tutakwenda kaburini kwake. Wewe na mimi." Hakusema amesamehe. Jumapili jioni walikwenda.

Yanayohusu nyumba zetu

Tulipokuwa tukifungasha, Alhaji alisimulia lililotushangaza: kwamba mkewe na mke wa Fundi hawakuacha kutembeleana hata mwezi mmoja. Wakati wa Ramadhani walipelekeana futari kwa mikono ya watoto, nasi waume tulidhani milango imefungwa. Mtume (SAW) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Wanawake wale waliilinda amri hiyo kwa niaba ya waume zao. Wanastahiki shukurani ambazo mara nyingi haziandikwi magazetini.

Watoto nao wana fungu lao. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (RA) alikutana njiani na bedui, akamshusha punda wake ampande yeye, akamvika na kilemba chake. Walipomshangaa alieleza kuwa baba wa bedui yule alikuwa rafiki wa baba yake, na kwamba Mtume (SAW) amefundisha kuwa katika wema mkubwa kwa mzazi ni kuwaunga wale aliowapenda. Mtume mwenyewe alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea marafiki wa Bibi Khadija (RA) baada ya kufa kwake. Mtoto hawezi kuwaunga watu asiowajua. Baba asiyemleta rafiki yake nyumbani, wala hawataji marafiki zake mbele ya wanawe, amewanyima wanawe mlango mmoja wa kumtendea wema baada ya kufa.

Kwa anayetaka kuifuata safari ya namna hii, pamoja na jamaa au pamoja na marafiki, mambo machache yatamsaidia. Aache masurufu ya nyumbani yanayotosha, na ashauriane na mkewe kabla hajaahidi wenzake. Achague miezi ya kiangazi na aepuke masika, kwani njia za Usambara huteleza. Achukue nguo za sufu, koti la mvua, tochi ya akiba, dira, dawa zake za kila siku na namba ya simu ya zahanati iliyo karibu. Familia ikienda, wanawake wawe na maharimu wao na mahema yao ya faragha. Asiache uchafu mlimani, kwani maji yanayotoka huko hunywewa na watu wa bondeni. Na akitaka kukopeshana na rafiki yake, aende na kalamu.

Hadi tunakwenda mitamboni, upasuaji wa Fundi haujafanyika. Mwanawe mkubwa ameandika zamu za watakaokesha naye hospitali. Usiku wa kwanza ameuomba Alhaji, naye ameshanunua betri za tochi, ijapokuwa aliambiwa wodini mna taa. Tunawaomba wasomaji wetu dua njema kwa ajili yake na kwa ajili ya wagonjwa wote wa Waislamu. Amin.